Uchafu wa Mtu na Uchafu wa Umma: Historia Fupi ya Majitaka

Masika yanapokolea Dar es Salaam, kuna kazi inayofanyika usiku ambayo haimo katika taarifa ya idara yoyote. Mwenye nyumba hungoja mpaka maji ya mvua yaanze kukimbia kwa nguvu kichochoroni, kisha hutoboa ukuta wa shimo la choo chake, au huchomoa kizibo kilichowekwa tangu shimo lilipojengwa, na kuyaacha yaliyomo yaondoke na mafuriko. Kwa lugha ya mtaani huitwa kutapisha choo. Asubuhi, maji yakishapungua, watoto huvuka kichochoro hichohicho kwenda shule. Kila mkazi wa bondeni anajua nani ametapisha, wala hakuna anayemshitaki jirani yake, maana mvua ijayo huenda ikawa zamu yake mwenyewe.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi darasani: hili ni kosa la nani? Wengi walijibu haraka kwamba wananchi hawana elimu ya afya. Wengine wakasema umaskini. Binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akasema: "Mwalimu, gari la kunyonya haliingii kwetu." Darasa likacheka. Mimi nilirudi ofisini na sentensi ile, na makala haya kwa kiasi kikubwa ni jaribio la kuijibu kwa njia ya historia.

Hoja yangu ni kwamba tumezoea kuhesabu vyoo, ilhali choo ni nusu tu ya habari, tena ile nusu rahisi. Nusu ya pili ni yale yanayotoka chooni: yanakwenda wapi, yanasafishwa na nani, na kwa fedha ya nani. Nikiitazama historia ya nchi mbalimbali naona kwamba mpaka mkubwa haupo kati ya nchi tajiri na nchi maskini, wala kati ya bomba na shimo. Upo kati ya mahali ambapo dola ilikubali kwamba uchafu ukishatoka mwilini mwa raia ni jambo la umma, na mahali ambapo dola ilisema: huo ni wako, utajua mwenyewe.

Tuanze nyumbani, ili tusidhani kwamba usafi uliletwa na meli. Nyumba za mawe za Gede, mji wa Waswahili karibu na Malindi uliostawi kati ya karne ya 13 na ya 16, zilikuwa na vyoo ndani, vyenye mashimo yaliyojengwa kwa ustadi. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 nazo zilikuwa na choo chake. Kwa mji wa watu elfu chache, wenye udongo unaofyonza na visima vilivyotengwa, utaratibu huu ulitosha. Shimo lilikuwa la mwenye nyumba, na hapakuwa na sababu ya kumwita mtu mwingine. Sababu hiyo huja pale watu wanapoongezeka na ardhi isipoongezeka.

London ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa mji wa mashimo pia. Chini ya nyumba palikuwa na shimo, na usiku walipita wazoaji waliolijaza gari lao na kuwauzia wakulima pembezoni mwa mji. Biashara ile ilifanya kazi kwa muda mrefu. Kisha mji ukapanuka, mashamba yakawa mbali, na kuanzia miaka ya 1840 mbolea ya kinyesi cha ndege ikaanza kuletwa kwa wingi kutoka Peru, hivyo samadi ya mjini ikakosa soko. Wakati huohuo wenye uwezo waliweka vyoo vya kuvuta maji, na maji yale yakayajaza mashimo kuliko zamani. Edwin Chadwick na wenzake, walioamini kwamba harufu mbaya ndiyo inayoua, walishinikiza mashimo yafungwe na nyumba ziunganishwe na mifereji ya mvua. Mifereji ile iliishia mtoni Thames, na ni katika mto huohuo makampuni ya maji yalichota maji ya kunywa ya sehemu kubwa ya mji. Kipindupindu cha 1848 hadi 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 wa London, na cha 1853 hadi 1854 kikaua zaidi ya 10,000.

Hapa ndipo panaponivutia kama mwanahistoria. Vifo elfu ishirini na zaidi havikutosha kujenga mfumo. Mwaka 1855 iliundwa Bodi ya Kazi za Jiji, na mhandisi wake mkuu, Joseph Bazalgette, alikuwa na michoro tayari, lakini kwa miaka mitatu michoro ile ilizunguka mezani kwa sababu ya mabishano kuhusu gharama na kuhusu mahali mabomba yaishie. Kilichovunja mabishano ni joto la kiangazi cha 1858. Mto ulinuka kiasi kwamba mapazia ya jengo la Bunge, lililokuwa limejengwa upya ukingoni mwa Thames, yalilowekwa dawa ya klorini ili wabunge waweze kukaa. Hawakuweza. Muswada ulioletwa na Disraeli ulipita hatua zote kwa siku 18, na tarehe 2 Agosti ukawa sheria. Bodi ikapewa ruhusa ya kukopa pauni milioni 3, serikali ikidhamini, na deni lilipwe kwa kodi ya majengo ya mji mzima kwa miaka 40.

Msomaji aliyewahi kukaa katika kikao cha bajeti atanielewa nikisema kwamba sentensi ile ya mwisho ndiyo muhimu kuliko mabomba yenyewe. Walipa kodi wa mitaa ya magharibi, waliokuwa na uwezo, walichangia bomba lililopita chini ya nyumba za makuli wa bandarini, mashariki ya mji. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walikwisha kutambua kwamba kinyesi cha maskini kinafika mtoni sawasawa na chao, na mto haubagui. Mwaka 1866 kipindupindu kiliporudi kiliua zaidi ya watu 5,000, karibu wote katika eneo moja la mashariki ambalo mabomba mapya yalikuwa bado hayajakamilika. Kwingineko mji ulibaki salama. Sioni majaribio ya kisayansi yaliyo wazi kuliko hayo, ingawa hakuna aliyeyapanga.

Lakini nisiwasifu kupita kiasi. Mfumo wa Bazalgette haukusafisha chochote. Uliyahamisha tu majitaka maili kadhaa kuelekea mashariki, Beckton na Crossness, yakahifadhiwa na kufunguliwa wakati maji ya mto yanapokupwa kuelekea baharini. Waliokaa bondeni mwa mto waliachiwa harufu. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice, iliyojaa familia zilizotoka matembezini, iligongwa na meli ya makaa karibu na mahali pale, muda mfupi baada ya majitaka kufunguliwa. Watu zaidi ya 600 walikufa, na wengi waliamini kwamba baadhi yao waliuawa na maji yale kuliko kuzama kwenyewe. Ikaundwa tume, miaka kumi baada ya ajali ile tope lilikuwa limekwisha kuanza kutenganishwa na maji. Tope lenyewe lilipakiwa merini likamwagwa baharini, na hilo liliendelea mpaka 1998. Naam, 1998. Namna ya kusafisha tunayoijua leo, ya kupuliza hewa ndani ya majitaka ili vijidudu vile uchafu, ilitangazwa Manchester mwaka 1914 na Edward Ardern na William Lockett.

Kwa hiyo kati ya bomba na kusafisha palipita karibu miaka sitini, katika nchi iliyokuwa tajiri kuliko zote. Bomba lilijengwa haraka kwa sababu harufu ilikuwa puani mwa wabunge. Usafishaji ulichelewa kwa sababu harufu ilihamia puani mwa watu wengine.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu, kwa sababu waliotawala miji yetu walitoka katika historia hiyohiyo, ila hawakuja nayo yote. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Profesa W. J. Simpson, bingwa wa usafi wa miji ya makoloni, alitumwa kukagua miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar. Baadhi ya miji hiyo ilikuwa imekwisha kuonja tauni. Nairobi, mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya mganga wa serikali. Ushauri wa Simpson ulikuwa kwamba miji igawanywe kwa mataifa: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao, na katikati paachwe ardhi tupu. Dar es Salaam, Wajerumani walikuwa wameanza kugawa mji kwa aina za majengo, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kiwanja cha Mnazi Mmoja, ambacho leo tunakipenda kwa mikutano na gwaride, kilikuwa ndiyo ile ardhi tupu iliyomtenga mkazi wa Kariakoo na maduka ya Uhindini.

Tazameni tofauti ya mantiki. London, wakubwa walishindwa kuukimbia uchafu wa maskini, wakalazimika kuulipia. Huku kwetu walipewa njia ya tatu, nayo ni kujitenga. Ukishaweka nafasi ya mita mia kadhaa kati yako na mwenzako, na nyumba yako ukaijenga mahali upepo wa bahari unapopiga kwanza, huna tena sababu ya kumjengea bomba. Ndiyo maana mabomba ya majitaka katika miji yetu yalianzia katikati ya mji na katika mitaa ya maofisa, na kule Uswahilini sheria ikamtaka kila mwenye nyumba achimbe shimo lake, na bwana afya akapita kukagua. Mmoja alipewa huduma, mwingine akapewa mkaguzi.

Uhuru ulibadili mengi, lakini mgawanyo huu wa majukumu haukuguswa sana. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, mojawapo ya kampeni kubwa za elimu ya watu wazima zilizowahi kufanyika barani. Takribani watu milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Wazazi wetu wengi wanaikumbuka, na naiheshimu. Kwa nchi ya vijiji ilikuwa sahihi kabisa: kijijini shimo likijaa unafukia, unapanda mgomba juu yake, unachimba jingine. Miaka arobaini na zaidi baadaye, Desemba 2017, ikazinduliwa kampeni ya Nyumba ni Choo. Jina zuri, na kwa familia ambazo bado zinajisaidia porini ujumbe wake una uzito. Hata hivyo nchi ile ya vijiji ilikuwa imekwisha kuwa nchi ya Manzese, Tandale na Keko, ambako hakuna mahali pa kuchimba shimo la pili. Kampeni inaishia mlangoni mwa choo. Shimo likijaa, mwananchi anabaki peke yake tena.

Nisikilizwe vizuri. Sisemi serikali haikujenga chochote. Dar es Salaam ina mabwawa ya majitaka Vingunguti, Mabibo, Kurasini na kwingineko, na hata chuo kikuu kule mlimani kina ya kwake. Mabwawa haya ni teknolojia ya busara kwa nchi ya joto: majitaka hupita polepole kutoka bwawa moja hadi jingine, jua na vijidudu vikafanya kazi, bila umeme wala mashine za bei kubwa. Nairobi ina mabwawa makubwa ya namna hiyo Ruai, na wahandisi wa nchi nyingi huyasoma. Tatizo ni kwamba njia ya kufika kwenye mabwawa ni nyembamba. Wakazi wa Dar es Salaam waliounganishwa na mabomba ya majitaka wamekuwa, kwa miaka mingi, takribani mmoja kati ya kumi. Na bomba la zamani la katikati ya mji liliishia baharini, bila bwawa lolote, kama lile la Bazalgette.

Tisa waliobaki wana shimo au karo. Likijaa, mwenye kufikika kwa barabara huita gari la kunyonya majitaka na kulipa kwa tripu. Asiyefikika humwita chura. Vyura, kwa wasiowajua, ni vijana wanaoingia shimoni kwa miguu yao, mara nyingi usiku, na ndoo na koleo, pengine na kinywaji kikali cha kupunguza kichefuchefu. Wapo waliofia humo kwa hewa chafu au kwa kuta kuanguka. Asiyeweza kumlipa chura hungoja masika.

Hesabu yake ni ya kushangaza mtu akiikaa nayo. Aliyeunganishwa na bomba, ambaye kwa kawaida ni ofisi, hoteli au nyumba ya mtaa uliopimwa, hulipa nyongeza juu ya ankara yake ya maji, na gharama ya kujenga bomba ilikwisha kulipwa zamani na mlipakodi au kwa mkopo wa taifa. Asiyeunganishwa hulipia kuchimba, kujenga, kunyonya na kusafirisha, vyote kutoka mfukoni, siku hiyohiyo, taslimu. Kisha huambiwa kwamba hana utamaduni wa kuchangia huduma.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi maskini, na tukipata fedha yataisha. Kwao ningependa kuwapeleka Marekani, katika wilaya ya Lowndes, jimbo la Alabama. Wasomi wa harakati za haki za raia wanaijua barabara inayopita humo, kwa sababu ndiyo waliyotembea waandamanaji wa 1965 kutoka Selma kwenda Montgomery kudai haki ya kupiga kura. Wakazi wengi ni Weusi, vizazi vya watumwa waliolima pamba katika ukanda ule wa udongo mweusi. Na udongo wenyewe ndiyo kisa: ni mfinyanzi mzito usiofyonza maji. Karo la kawaida halifanyi kazi humo. Majitaka hurudi juu uani, au ndani ya nyumba kupitia bafuni. Mfumo unaofaa udongo ule hugharimu maelfu mengi ya dola, pengine zaidi ya mapato ya mwaka ya familia. Hivyo watu hutumia bomba la plastiki linalotoka chooni moja kwa moja mpaka kichakani.

Haya yanatokea katika nchi ambayo mwaka 1972 ilipitisha sheria ya maji safi iliyoambatana na moja ya miradi mikubwa kabisa ya fedha za umma katika historia ya majitaka duniani. Serikali kuu ililipa hadi asilimia 75 ya gharama za mitambo ya kusafisha, mji baada ya mji, mpaka marekebisho ya 1987 yalipoanza kugeuza ruzuku kuwa mikopo. Kwa mkazi wa mjini, kusafishwa kwa majitaka yake kukawa jambo asilolifikiria kabisa. Kwa mkazi wa Lowndes sheria ya jimbo ilisema karo ni wajibu wa mwenye nyumba, na asiyekuwa nalo ana kosa la jinai. Wapo waliokamatwa kwa kosa hilo. Catherine Coleman Flowers, aliyekulia huko, ametumia zaidi ya miaka ishirini akiwapeleka wageni nyuma ya nyumba hizo wakanuse wenyewe. Mwaka 2021 wizara ya sheria ya serikali kuu ilianza uchunguzi kama wakazi walibaguliwa kwa rangi yao. Mei 2023 ikafikia makubaliano na idara ya afya ya jimbo, kwamba adhabu zisitishwe na mifumo ianze kujengwa. Aprili 2025 utawala mpya wa Washington uliyafuta makubaliano hayo, ukiyaita mambo ya upendeleo wa kibaguzi.

Utajiri, basi, si jibu. Je, bidii ya wananchi wenyewe? Wanaharakati wengi hupenda kutoa mfano wa Orangi, Karachi, nami naupenda pia, ila nadhani husimuliwa nusu. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alianza kufanya kazi katika mtaa ule mkubwa wa makazi holela. Wakazi walikuwa wanangoja serikali iwaletee mabomba ya bure. Yeye na wenzake waligundua kwamba mkandarasi akiondolewa, na michoro ikirahisishwa, bomba la kichochoro cha nyumba ishirini au thelathini linaweza kujengwa kwa fedha ambazo familia inazo. Vichochoro vikachagua wasimamizi, vikachanga, vikachimba. Makumi ya maelfu ya nyumba zikapata choo cha maji na bomba. Ni ushindi wa kweli, na waliodharau uwezo wa maskini walikosa la kusema.

Nusu ya pili ni hii: Orangi waligawa kazi sehemu mbili. Ya ndani, yaani choo, bomba la kichochoro na bomba la kukusanya, ni ya wakazi. Ya nje, yaani bomba kuu na mtambo wa kusafisha, ni ya serikali. Wakazi walitimiza sehemu yao. Majitaka yakaingia katika makorongo ya mji, na kwa sehemu kubwa yakaendelea kushuka bila kusafishwa mpaka Bahari ya Arabu. Perween Rahman, msanifu majengo aliyeongoza mradi ule na kuyachora makorongo hayo kwenye ramani, pamoja na ardhi na maji yaliyokuwa yakiporwa mjini, alipigwa risasi na kuuawa Machi 2013. Wananchi wanaweza kufikisha uchafu wao mwisho wa mtaa. Hawawezi kujijengea mtambo wa mji, na pale wanapouliza nani anamiliki ardhi ambayo bomba kuu lingepita, mambo hubadilika.

Japani inanipa mfano ninaouona una faida zaidi kwetu, kwa kuwa nayo ilikuwa nchi ya mashimo kwa karne nyingi. Kinyesi cha wakazi wa Edo, mji tunaouita leo Tokyo, kilikuwa mali, wakulima walikinunua. Mbolea ya viwandani ilipoua soko lile baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajapani hawakungoja kila nyumba ifikiwe na bomba. Walijenga mitambo ya kupokea shehena za magari ya kunyonya, na kwa nyumba zilizo mbali wakaeneza tangi dogo linalosafisha majitaka papohapo uani, liitwalo jokaso. Mwaka 1983 wakalitungia sheria yake. Tangi liko katika kiwanja cha mtu, lakini fundi wa kulifunga lazima asajiliwe, na kila mwaka lazima likaguliwe maji yanayotoka. Na baadaye serikali ikaanza kutoa ruzuku ya kulinunua. Yaani ni shimo lilelile la mwenye nyumba, ila dola imekubali kwamba kinachotoka humo kinaihusu.

Mwaka huu tunatimiza miaka kadhaa tangu dunia iseme hivyo kwa kauli moja, au karibu kauli moja. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 64/292, lililoletwa na Bolivia, kutambua maji na usafi kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 zilisema ndiyo. Hakuna iliyosema hapana. Nchi 41 hazikuegemea upande wowote, na humo walikuwamo Marekani na Uingereza, na pia Kenya na Tanzania. Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka niwaonyeshe orodha. Kenya angalau ilijisahihisha kabla ya mwezi kuisha: Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya viwango vinavyofaa vya usafi. Kwetu hakuna ibara ya namna hiyo katika Katiba.

Nafahamu ndugu zangu watumishi wa umma watasema: Daktari, andika, lakini bomba ni ghali. Kweli ni ghali. Mimi siombi bomba Tandale yote kesho. Nauliza kwa nini gari la kunyonya liendeshwe kama teksi, mwenye shida akijadiliana bei na dereva, ilhali gari la zimamoto haliendeshwi hivyo. Nauliza kwa nini hakuna nafasi katika mpango wa mtaa inayosema shimo la nyumba namba fulani litanyonywa mwaka huu, kwa ada inayolipwa kidogo kidogo na kila mkazi wa jiji, aliye na bomba na asiye nalo. Nauliza kwa nini chura hana buti, hana leseni na hana bima, wakati anaifanyia jiji kazi ambayo jiji lenyewe haliifanyi. Haya hayahitaji teknolojia mpya. Yanahitaji mtu katika ofisi fulani akubali kwamba shimo la mwananchi limo katika maelezo ya kazi yake.

Nilisema mabwawa ya Vingunguti hupokea majitaka ya mji. Magari ya kunyonya hupanga foleni pale kumwaga shehena kutoka mitaa ya mbali. Kwa miongo mingi wakazi wa jirani waliishi na harufu yake, huku wenyewe wakitumia mashimo, na masika wakitapisha kama wengine, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye mabwawa. Katika muongo wa 2010 wakazi wa Miembeni, kupitia vikundi vyao vya kuweka akiba na shirika la Centre for Community Initiatives, walianza kujengewa mabomba membamba yanayopita kwa kina kifupi katikati ya nyumba na kumwaga katika mabwawa yale. Mamlaka ya majisafi na majitaka ilikubali kuyapokea. Wenye nyumba walilipa kidogo kidogo. Sehemu ngumu, kwa maelezo ya waliofuatilia kazi ile, haikuwa kuchimba mtaro. Ilikuwa kupata jirani akubali bomba la mwenzake lipite chini ya uwanja wake.